UZI: Kereng'ende mweusi wa ukanda anayekufuata miguuni ufuoni Kisumu: umbo, makao na eneo lake

#1 MwanaDunga

Salaam jukwaa. Picha za kereng'ende mweusi mwenye ukanda wa giza mabawani zinaletwa humu kila mara, za ufuo wa Ziwa Victoria: Dunga, Hippo Point, Usoma mpaka Homa Bay, na kila zikija anabatizwa upya. Mmoja anasema "yule wa mvua", mwingine "jike la yule mwekundu", wa tatu anaweka alama ya kuuliza na kupotea. Tumalize hapa.

Ni *Brachythemis leucosticta*. Burmeister, mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyemwandika, mwaka 1839.

Ni mdogo, sentimita 3 hivi toka usoni hadi ncha ya mkia, na bawa la nyuma ni sentimita 2 na ushee. Dume aliyekomaa ni mweusi mwili mzima, weusi wa masizi usiong'aa. Kila bawa, yote manne, lina ukanda mpana mweusi au wa kahawia iliyokolea. Ukanda unaanzia karibu na kifundo (kile kipindo kidogo katikati ya ukingo wa mbele wa bawa) na kwenda nje hadi karibu na lile doa dogo la mstatili lililo jirani na ncha. Shina la bawa halina rangi, na ncha haina rangi. Hapo ndipo wengi wanakosea: bawa likiwa jeusi kuanzia shinani, huyo si yeye.

Na anakaa chini. Si juu ya kijiti wala kwenye ncha ya tete. Chini kabisa: kwenye udongo, mchanga, nyasi zilizolishwa na ng'ombe zikabaki kapeti, hata juu ya nyavu zilizoanikwa. Akitua huyasukuma mabawa mbele na kuyainamisha kidogo, kama mtu aliyeegemea viwiko.

#2 Nyakach_Kwetu

Asante mkubwa. Lakini mahali hapo hapo, katika kundi hilo hilo, kuna wa manjano-hudhurungi wenye mistari, wengine wana ukanda hafifu na wengine hawana kabisa. Hao ni jamii nyingine?

#3 MwalimuBio

Hapana, ndugu. Ni wao kwa wao.

Kereng'ende akitoka kwenye gamba la utoto hana rangi yake ya utu uzima. Dume changa la aina hii ni la rangi ya udongo wa manjano, lina mistari myeusi kifuani na tumboni, na ukanda wa mabawa ni kama chai ya rangi iliyomwagika. Weusi unakuja kwa siku kadhaa. Jike yeye hubaki na ile rangi ya udongo na mistari. Mabawa ya majike hayafanani: wengine wana ukanda wa kahawia, wengine ni kama kioo.

Kwa hiyo ukimwona wa manjano usikimbilie kusema jike. Angalia vitu viwili.

Kwanza, chini ya tumbo karibu na kifua, pingili ya pili. Dume ana kinundu kinachochomoza hapo, maana kiungo chake cha kupandia kiko huko na si mkiani. Jike hana. Kinundu hicho kinaonekana kwa picha ya ubavuni tu. Picha ya kutoka juu haisaidii kitu.

Pili, ncha ya mkia. Dume ana vishikio vya kumkamatia jike kichwani, na kwenye picha vinaonekana kama ncha moja ndefu iliyochongoka. Jike ana vijiti viwili vifupi vilivyoachana.

Halafu kuna kung'aa. Akiwa ametoka majini muda si mrefu, mabawa yanameta kama plastiki mpya ya kufungia mkate. Huyo usimguse hata kidogo, bawa lake likikunjwa halinyooki tena.

#4 FundiLenzi

Niongezee lile doa la mstatili, maana ndilo linalomaliza ubishi. Wataalamu huliita terostigma. Kwa *leucosticta* lina rangi mbili: nusu ya upande wa mwilini ni krimu, nusu ya upande wa ncha ni nyeusi. Ukanda wa bawa unapauka, unakolea, unakosekana kabisa kwa baadhi ya majike. Doa la rangi mbili halikudanganyi hivyo.

Ili lionekane kwenye picha ya simu:

Usivute picha kwa vidole. Kuvuta huko ni kukata picha tu na doa linageuka tope. Sogea mwenyewe. Piga magoti ukiwa mita 2, tambaa hadi sentimita 30 au 40, na usikubali kivuli chako kimfikie. Kivuli ndicho kinachomrusha kuliko mwendo wako.

Gusa kioo cha simu juu ya bawa, si juu ya kichwa. Ukilenga kichwa, macho yatatoka safi na doa litakuwa ukungu. Na kwa kuwa mabawa yameinamishwa mbele, picha nzuri ya doa hupigwa kutoka nyuma yake na juu kidogo.

Mwenye kamera: spidi 1/1000 au zaidi, na mwanya wa lenzi kama f/8 ili bawa lote liwe wazi. Jua la saa sita linaunguza ile krimu ionekane nyeupe tupu. Saa tatu asubuhi au saa kumi na moja jioni ndiyo mwanga wake.

Piga tatu: juu, ubavu, uso. Picha moja ya juu pekee ndiyo inayotuletea vita humu.

#5 MwanaDunga

Fundi amenena. Sasa wale wanaochanganywa naye ukanda huu wetu, kwa haraka:

*Palpopleura lucia*: naye ana weusi mabawani, ila unaanzia shinani na kufunika sehemu kubwa ya bawa, na ukingo wa mbele wa bawa umejipinda kama wimbi. Dume hupakwa vumbi la buluu-kijivu tumboni. Hukaa kwenye ncha za nyasi, si chini.

*Diplacodes lefebvrii*: dume ni jeusi kweli kweli, dogo, lakini mabawa ni mangavu. Huyu ndiye anayeitwa "yule yule, ukanda umefutika". Ukanda haufutiki, jamani.

*Rhyothemis semihyalina*: ana kiraka cheusi chenye mmeto kwenye mashina ya mabawa ya nyuma, na huruka kwa kupepesuka kama kipepeo. Ukishamwona akiruka mara moja hutamchanganya tena.

*Brachythemis lacustris*: ndugu yake wa damu. Dume ni jekundu na mabawa yake yana rangi ya machungwa kuanzia shinani. Naye anapenda chini na ukingoni mwa maji, kwa hiyo tabia peke yake haitoshi kuwatenganisha, tazama rangi ilikoanzia.

Wekundu wengine (*Crocothemis erythraea* mwenye tumbo pana lililobapa, *Trithemis arteriosa* mwembamba mwenye mishipa myekundu mabawani) siwaelezi hapa, wana uzi wao.

#6 Bonde_la_Ufa

Na sisi wa Nakuru? Nikizunguka ziwa letu nitampata?

#7 MwalimuBio

Ndugu yangu wa Bonde, anza na maji kwanza kabla ya mdudu.

Ziwa Nakuru ni la magadi, pH yake ni karibu 10. Kereng'ende huishi sehemu kubwa ya maisha yake chini ya maji akiwa tunutu (mtoto asiye na mabawa), na tunutu wengi hawastahimili magadi makali hivyo. Mtu mzima, yaani kereng'ende aliyekomaa, anaweza kuruka juu ya ziwa la magadi akila visubi, lakini hilo halina maana kwamba anazaliana hapo. Watu wengi wanaandika "makao: Ziwa Nakuru" kwa sababu tu wamemwona akipita. Andika ulichoona: anaruka, anataga, au umekuta gamba.

Kwa upande wako tafuta maji baridi, yaani yasiyo ya magadi: mito inayoingia ziwani kama Njoro na Makalia, mabwawa ya mashamba, kisha uende Naivasha, na kaskazini Baringo. Anachohitaji huyu wa ukanda ni vitu viwili kwa pamoja: maji matulivu au yanayokwenda polepole, tena mapana, na ukingo ulio wazi wenye udongo au nyasi fupi. Bwawa lililozungushiwa matete marefu pande zote halimfai hata maji yawe safi namna gani. Ukipata mahali ng'ombe wanaposhuka kunywa, anzia hapo.

Tena usisahau mwinuko. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wako uko zaidi ya 1,750. Baridi ya usiku inachelewesha ukuaji wa tunutu.

#8 Shinyalu_Msituni

Kakamega msituni je? Isiukhu na Yala ni maji baridi pia.

#9 MwalimuBio

Baridi ndiyo, lakini kuna kivuli. Chini ya miti minene utakuta wengine kabisa, wale wembamba wanaokunja mabawa mgongoni, na wapenda vijito. Huyu ni wa jua na uwazi. Mto ukishatoka msituni, ukapanuka na kupita malishoni, hapo anza kumtafuta.

#10 Kavirondo_Jr

Mimi nashikilia kuwa ni yule yule wa mvua. Mvua ikipiga, wanajaa angani juu ya uwanja, mamia. Wakishachoka wanashuka ziwani na kuwa weusi.

#11 FundiLenzi

Hapana, mdogo wangu. Wa uwanjani ni *Pantala flavescens*. Mpime: mwili sentimita 4 na nusu hadi 5, rangi ya dhahabu, mabawa mangavu, na bawa la nyuma ni pana sana shinani. Upana huo ndio unaomwezesha kuelea kwenye upepo kwa saa nyingi bila kuchoka. Akitua ananing'inia wima chini ya tawi. Huyu wetu hajui kuning'inia, na *Pantala* hana habari na kukaa kwenye mchanga.

Kuja na mvua ni kweli, na sababu yake inajulikana. *Pantala* huzaliana kwenye madimbwi ya muda, na tunutu wake hukua mbio, wiki 6 hivi kwenye maji ya moto, ili atoke kabla dimbwi halijakauka. Kwa hiyo anafuata mvua popote ilipo. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe aliyekaa Maldivi, alieleza kwamba makundi yanayopita visiwani kuanzia Oktoba yanatoka India na kuvuka Bahari ya Hindi kuja Afrika Mashariki, yakibebwa na pepo za msimu.

Wa ukanda hafanyi safari kama hiyo. Ni mtu wa ufuo wake.

#12 Nyakach_Kwetu

Sawa, na kule kufuata watu? Nyumbani wazee wanasema anakufuata kwa sababu ananusa samaki.

#13 MwanaDunga

Hanusi samaki. Kereng'ende ni mnyama wa macho, vipapasio vyake ni vifupi kama unywele uliokatika.

Anachofuata ni mguu wako. Ukitembea kwenye nyasi fupi unarusha visubi, inzi wadogo na vijidudu vilivyojificha humo. Yeye anaruka sentimita chache juu ya ardhi, mbele na pembeni mwa mguu, akidaka kinachoruka. Ng'ombe, mbuzi, kiboko anayepanda kula, vyote kwake ni kitu kimoja: kinachotikisa nyasi. Jaribu hivi. Tembea hatua 20 za kawaida kwenye nyasi za ukingoni, kisha simama ghafla. Sekunde chache watatua mbele yako, mita 1 au 2. Anza tena, wanaamka. Simama, wanatua. Ndiyo sababu kwa huyu wavu hauhitajiki: mwendo wako ndio wavu.

Kama wote wamelala chini na hawakufuati hata kidogo, mara nyingi ni upepo au wingu zito. Kama wanakufuata kisha wanaachia mahali fulani bila sababu, tazama chini: umeingia kwenye nyasi ndefu au umefika kwenye lami.

Jioni ndiyo saa yake hasa. Wengine wakishalala yeye bado anafanya kazi hadi giza linaingia, maana ndipo wadudu wa ziwani wanapaa. Wale wanaoonekana toka mbali kama moshi juu ya maji ndio sahani yake.

Kitu kimoja nisisitize. Kufuata mdudu mpaka ndani ya maji, hapana. Ukingo wetu una kichocho, na konokono wanaokibeba wako palepale kwenye maji ya kina kifupi yenye mimea. Vaa gambuti au baki nchi kavu. Na jioni hiyo hiyo ndiyo kiboko anatoka.

#14 Dada_Maabara

Kuna mtu aliuliza kwa ujumbe wa pembeni jinsi ya kumlea tunutu mpaka atoke, kwa ajili ya klabu ya sayansi shuleni. Naandika hapa ili wote wafaidi.

Chombo: beseni pana la lita 5 lenye rangi hafifu. Pana kuliko refu, maana hewa inaingia kwa juu. Maji ya kina cha sentimita 8 hadi 10 yanatosha. Tumia maji yale yale uliyomtoa, au ya mvua. Ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza ili klorini itoke. Chini weka mchanga kidogo na jani moja au mawili ya mmea wa majini.

Mmoja kwa chombo kimoja. Ukiweka watatu, baada ya wiki utakuwa na mmoja aliyenona. Wanalana, hilo halina mjadala.

Chakula ni viluwiluwi vya mbu, 5 hadi 10 kwa siku kulingana na ukubwa wake. Lazima viwe hai na vinatikisika. Ana mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, anaufyatua kudaka kitu kinachosogea, na kilichokufa hakioni. Mabaki yatoe kila siku, na badilisha theluthi moja ya maji kila baada ya siku 3. Ukibadilisha yote kwa mkupuo, joto linageuka ghafla na anaweza kufa.

Beseni likae kivulini. Hili ndilo kosa kubwa la shule: wanaliweka dirishani, saa nane maji ni ya moto, hewa imepungua, tunutu anapanda juu akitafuta kupumua. Anapumua kwa mkia, kwa kuvuta maji ndani na kuyasukuma nje, kwa hiyo ukiona mkia umeelekezwa juu kwenye uso wa maji jua hewa imekwisha. Hamishia kivulini na mwaga nusu ya kina.

Vijiti: simamisha viwili vitatu vyenye magamba au mikwaruzo, vichomoze sentimita 15 juu ya maji. Kijiti laini au cha plastiki anateleza, anaanguka katikati ya kujivua na bawa linakauka limekunjamana. Funika beseni kwa chandarua kilichoinuliwa, kisiguse vijiti.

Dalili za kukaribia: anaacha kula, vifuko vya mabawa mgongoni vinavimba, kichwa anakitoa nje ya maji. Wengi hutoka usiku au alfajiri. Baada ya hapo mwache mpaka mwili ukauke na mabawa yafunguke yenyewe, kisha umwachie pale pale ulipomtoa. Gamba aliloacha liweke kwenye kiberiti chenye pamba, andika tarehe na mahali. Gamba hilo ndilo ushahidi kwamba amezaliwa kwenye maji yale. Mtu mzima anayeruka si ushahidi.

#15 Kavirondo_Jr

Nimekubali ya *Pantala*. Lakini kitabu kimoja cha zamani kinasema *leucosticta* yuko mpaka Misri na Hispania. Sasa ni wa ufuo wake au ni wa dunia?

#16 FundiLenzi

Swali zuri, na kitabu hakikudanganya kwa wakati wake. Zamani wote waliwekwa chini ya jina moja. Mwaka 2009 wataalamu Dijkstra na Matushkina waliwatenganisha. Wa kaskazini, yaani Afrika Kaskazini, kusini mwa Ulaya na Mashariki ya Kati, sasa ni *Brachythemis impartita*. Jina *leucosticta* limebaki kwa wa Afrika kusini ya Sahara, mpaka Afrika Kusini. Alama ya kuwatofautisha ndiyo ile niliyoililia juu: doa la *impartita* halijagawanyika rangi mbili vile.

Kwa hiyo rekodi yoyote ya kabla ya 2009 isome kwa tahadhari, hasa ikitoka kaskazini. Ramani nyingi za mtandaoni bado zimewachanganya. Hayumo hatarini, ni wa kawaida kabisa, ndiyo maana hakuna anayejisumbua kumpiga picha vizuri.

#17 Mbita_Point

Na gugumaji? Kwetu ghuba ikifunikwa wanapotea, upepo ukilisukuma gugu wanarudi.

#18 MwalimuBio

Hapo kuna mawili. Mtu mzima anapotea kwa sababu ule mstari wa maji wazi na udongo, ambao dume hulinda akiruka chinichini, umefunikwa. Anahama mita mia kadhaa kufuata ukingo ulio wazi. Hilo si kufa.

Tunutu ni habari nyingine. Gugu likiwa pana na nene, maji ya chini yanakosa mwanga na hewa, na likianza kuoza ndiyo zaidi. Lakini ukingo wa nje wa gugu, pale linapokutana na maji wazi, umejaa wadudu na wengi huwinda hapo. Kwa hiyo ukihesabu, andika umbali kati yako na gugu. Hesabu ya "ghubani" haituambii kitu.

Na kina cha ziwa kinahamisha ukingo pia. Mwaka 2020 maji yalipopanda, fukwe nyingi za wazi zilizama na matete yakawa ndiyo ukingo. Ukiwa na picha za sehemu moja za kabla na baada, ziweke, zina thamani kuliko picha kumi za mdudu.

#19 Nyakach_Kwetu

Nje ya mada kidogo: kuna kamusi inasema kereng'ende ni ndege wa jamii ya kwale.

#20 MwanaDunga

Ni kweli, jina hilo hilo. Usipotaja mabawa manne utaletewa supu.

#21 Mbita_Point

Haya, nimepiga leo saa kumi na moja na nusu, kwenye gati. Ana rangi ya udongo, mistari miwili kifuani, mabawa hayana ukanda kabisa. Picha ya ubavu ipo. Kinundu sikioni.

#22 FundiLenzi

Doa la ukingoni?

#23 Mbita_Point

Upande wa ndani krimu, wa nje mweusi.

#24 FundiLenzi

Jike la *leucosticta*, la mabawa mangavu. Mpandishe iNaturalist (mtandao wa kurekodi viumbe) na picha zote tatu, na uandike "ametua chini, kwenye saruji".